Mizani Imepungua Moja

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wauliza uache kazi ya hesabu uende ukasome habari redioni, au ubaki ulipo na mashairi uyaandike usiku. Nitakujibu, ila niwache nianzie Kuze, mtaa wa Mji wa Kale hapa Mombasa.

Mshairi wa huko, Abdilatif Abdalla, naye alikuwa mtu wa hesabu, kwenye baraza la mji hapa hapa Mombasa. Alikuwa na miaka 22 tu alipouliza kwa maandishi, mwaka 1968, Kenya twendapi, akafungwa miaka mitatu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandikia gerezani, kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973, na mwaka wa pili wake kikapewa tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Wakati huo mwenyewe keshahamia Dar es Salaam, chuo kikuu, kwenye utafiti wa Kiswahili. Mwaka 1979 akaenda London, BBC.

Hapo ndipo babu yako alipompata. Ile redio yake waijua. Betri zikichoka tulizianika juani darini zivute siku mbili tatu zaidi. Jioni huitoa barazani, akaitafuta BBC katikati ya mikwaruzo, na sauti ile ikitokea humwambia kila apitaye, "Mwana wa Kuze huyo!" Mtu yuko uhamishoni, na jioni yuko barazani petu. Nilikuwa nikisikia raha ambayo mpaka leo sijui niiite nini.

Nami nashika lile lile ulilolichoka: shairi ni la sikio. Mwenye mizani sikioni, hata bei ya unga akiisoma utamwelewa.

Sasa hili la mjomba wako, Mungu amrehemu, wewe umelisikia likisimuliwa harusini kwa vicheko. Mimi sikucheka. Ilikuwa 1981, nina miaka 17, nimeandika beti saba. Jina la binti kutajwa redioni mbele ya wanaume halikuwa jambo la nyumba yetu, basi nikazipeleka kwa jina la kaka yangu, kwenye kipindi cha mashairi cha redio ya hapa nchini. Zikasomwa. Baraza zima likampa mkono mjomba wako. Babu yako akamsogezea nafasi kando yake, mahali ambapo hakuwahi kumkalisha. Mimi nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa.

Beti ya nne msomaji aliimeza silabi. Nikasema, bila kukusudia, "Mizani imepungua moja."

Babu yako akageuka. "Wewe wajuaje?"

"Nimesikia tu."

Akanitazama kitambo, kisha akachukua kikombe chake. Mjomba wako alikuwa akiangalia ndara zake. Hakusema neno siku ile, wala baadaye.

Miaka arubaini na zaidi najiambia haidhuru, beti zilisikika, jina ni nini? Si kweli, mwanangu. Inadhuru. Na usidhani babu yako hakujua. Nafikiri alijua palepale mlangoni, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini tena, huyo wa Kuze maneno yake yalimfikisha gereza la Kamiti. Nikutakie hayo? Hasha. Na habari si shairi. Utapewa karatasi iliyoandikwa na mwengine, nawe uisome kwa jina lako. Mimi nilisomewa yangu kwa jina la mwengine. Sijui lipi zito, na mshahara haunisumbui kama hili linavyonisumbua. Ila Abdilatif alisoma habari za London miaka kadhaa na mshairi hakumtoka, kwa hivyo sina haki ya kukutisha.

Babako ameniapisha nisikukatie shauri. Nimeshaandika mstari mmoja hapa nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta. Ukiuona umekwaruzwa, usiuinue kwenye mwangaza.

Daftari la zile beti saba liko ndani ya kasha la nyanyako, chini ya leso. Idi ukija lichukue. Beti ya nne unisomee kwa sauti, polepole, nihesabu.

Mamako