Gitaa la nyuzi 12: kagua daraja kwanza, sauti baadaye

Mkuu, kama nimekuelewa, umepiga gitaa la kawaida kwaya kwa muda mrefu, sasa unataka la nyuzi 12, na umepata mawili: Yamaha FG820-12 jipya, na la mtumba lenye jina kubwa zaidi ambalo muuzaji anasema halina shida yoyote. Mimi napiga la nyuzi 12 kwenye ibada na harusi hapa Dar, na wenzangu huniita nikague kabla hawajatoa hela. Chukua Yamaha, isipokuwa kama hilo la mtumba litavuka ukaguzi ufuatao.

Kinachomaliza magitaa haya ni mvuto. Nyuzi 12 zikikazwa hadi E ya kawaida huvuta kwa zaidi ya kilo 100, karibu mara moja na nusu ya gitaa la nyuzi 6, usiku na mchana. Ongeza unyevu wa pwani. Daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya mwili, linaanza kubanduka, ubao wa juu unatuna, shingo inakuja mbele. Sauti inaweza kubaki tamu kabisa wakati mwili umeshachoka, ndiyo maana mtu anapiga kodi (chord) mbili dukani, anafurahi, analipa.

Nenda na karatasi nyembamba na rula. Ingiza ncha ya karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, upande ulio mbali na tundu la sauti. Ikipenya, daraja limeanza kuachia gundi. Kisha laza rula juu ya ubao, nyuma ya daraja: kutuna kidogo ni kawaida kwa nyuzi 12, lakini rula ikiwa inabembea huku na huku, ondoka. Baada ya hapo pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kwenye shingo. Milimita 2.5 ni raha. Ikifika 4, tazama kile kipande cheupe kilichosimama juu ya daraja. Kama bado kimenyanyuka vizuri, fundi atakisugua na nyuzi zitashuka. Kama kimeshasuguliwa hadi karibu kuzama, basi dawa iliyobaki ni kung'oa shingo na kuipachika upya, na fundi wa kazi hiyo si rahisi kumpata huku kwetu. Hakikisha pia nyuzi zimekazwa kwenye sauti yake unapopima, maana gitaa lililolegezwa linaficha kila kitu.

Shingo ni pana, mara nyingi milimita 45 hadi 48 pale juu. Shika F ya kubana, ile ya kidole kimoja kulaza juu ya nyuzi zote, kwa dakika nzima, na usikilize kila jozi, maana nyuzi 12 hukaa mbili mbili. Kidole kinatakiwa kukandamiza nyuzi zote mbili.

Ukishanunua, shusha gitaa toni moja nzima, D hadi D, halafu weka kapo (kibanio cha shingoni) freti ya pili ukitaka kupiga na wenzako. Lead Belly, mwimbaji wa blues wa Marekani aliyepiga la nyuzi 12, alishusha lake chini zaidi ya hapo, na ule mngurumo wake wa besi ulitokana na hilo kwa sehemu kubwa. Mwili unapumua na nyuzi zinadumu. Utakaokatika kuliko zote ni ule mwembamba wa jozi ya G, wa unene wa inchi 0.008 au 0.009. Nunua kadhaa za akiba siku hiyo hiyo.

Na kama bado unasita kuhusu sauti yenyewe, nunua seti ya nyuzi 12, toa zile nyembamba za E, A, D na G, uzifunge kwenye gitaa lako la sasa mahali pa nne nene, na B na E ya juu ubaki nazo. Wapiga gitaa wa Kongo wana mbinu ya jirani na hiyo, mi-composé, ambapo uzi wa nne hubadilishwa kwa mwembamba unaolia oktavu moja juu. Mwambie mwenzako apige gitaa la kawaida pembeni yako, kodi zile zile. Huo mng'ao utakaousikia ndio unaoulipia.