Mama mkubwa alichoka, lakini alimpenda

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kama kweli binadamu anaweza kumpenda mwenzake bila masharti, maana mchumba wako alikupenda vizuri hadi biashara yako ya viazi pale Mwanjelwa ilipoyumba, na sasa hata simu hapokei. Pole sana.

Mimi nasema upendo huo upo, nimeuona. Mama yangu mkubwa kule Tukuyu alimuuguza mumewe miaka sita baada ya kupooza. Julai, na baridi ile ya Rungwe inayopenya hadi kwenye mifupa, anaamka alfajiri, anawasha kuni, anachemsha maji, anamkanda miguu, kisha anampondea ndizi kwa kijiko. Mzee alikuwa mkali tangu zamani, na ugonjwa ulimzidishia. Kuna siku alimwaga uji makusudi. Mama mkubwa alifuta sakafu, akakoroga mwingine.

Lakini jioni moja nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, analia. Akaniambia, "Mwanangu, nimechoka." Kesho yake alfajiri nikasikia kuni zinapasuliwa.

Kwa hiyo kuchoka kusikutishe. Wala usidhani kupenda bila masharti ni kuvumilia kila unachofanyiwa. Unaweza kumpenda mtu na ukamwambia hapa hapana. Mchumba wako simjui, huenda naye ana yake yanayomsumbua. Mtafute mkae ana kwa ana, umuulize wazi: "Bila biashara, bado unanitaka?" Akizungukazunguka, usimsubiri. Na ukipata mtaji, hata wa debe moja la viazi, rudi sokoni kwa ajili yako mwenyewe.