Baki na STI, uza RX-8

Kaka, umeuliza uuze ipi kati ya Subaru Impreza STI ya 2006 na Mazda RX-8, kwa kuwa nyumbani Nairobi una nafasi ya gari moja tu. Mimi ningeuza RX-8, na ningeiuza mapema.

Si kwamba ni gari baya. Kwenye kona ni tamu kuliko hiyo Subaru, na usukani wake nausifu hadi leo. Tatizo ni injini ya rotari, yaani badala ya pistoni ina rota za pembetatu zinazozunguka. Sili za kwenye ncha za rota zikilika, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) inashuka, na fundi wa kuifungua vizuri utamtafuta mji mzima. Fanya hivi: endesha mpaka injini ipate moto, zima, ngoja dakika kumi, kisha washa. Starta ikizunguka muda mrefu kabla ya kuwaka, dalili ndiyo hiyo, na mnunuzi mwambie ukweli. Ikiwaka papo hapo, una gari la kuuzika. Kula oili kidogo kusikutishe, imeundwa hivyo.

STI ukishaiuza hutaipata tena kirahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo za umri huo ni hizi hizi zilizopo, na nyingi zimeshachokonolewa turbo na kompyuta. Kama yako bado ina vitu vyake vya kiwandani, tafadhali usiiguse. Spea na mafundi wa Subaru, tena, wamejaa hapo hapo mjini.