Kughani kwa kampeni hakukuanza jana

Kuna wanaosema kwamba dada mmoja wa Arusha anayeghani mashairi dhidi ya ukeketaji ndiye wa kwanza nchini kupeleka ushairi kwenye kampeni za jamii. Hapana, si wa kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere aliwaomba washairi walieneze kwa wananchi, na Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, wakaja na ngonjera, ushairi wa majibizano unaotamkwa jukwaani kwa vitendo. Tuliosoma shule za msingi za Moshi tunazijua: mgeni rasmi hakuondoka bila kuzisikia, hata mvua inyeshe. Na uwanja wa mpira wa Arusha mjini una jina la mshairi, Sheikh Amri Abeid, japo nimeshasikia watu wakibisha kwamba alikuwa mchezaji.

Ila tofauti ipo. Ngonjera nyingi zilibeba ujumbe wa serikali, tena kwa vina na mizani. Huyu dada anachagua mada mwenyewe, anaghani bila kufungwa na vina, na akimaliza anakaa na kina mama kujadiliana. Hapo kwenye mjadala ndipo kazi ilipo. Makofi kila mtu anapiga.