Walioniambia Wako Nyuma Yangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mama mwenye mtoto katika Gredi ya 4, aliniandikia kwamba anataka kuwania nafasi ya mwakilishi wa wazazi katika shule ya msingi ya umma anakosoma mtoto wake, akaniuliza nilifanyaje hadi nikachaguliwa. Nilicheka kidogo kabla ya kumjibu. Kuchaguliwa kwangu kulichukua dakika ishirini za asubuhi moja ya Ijumaa, ilhali kushindwa kwangu kwa mara ya kwanza kumenikaa rohoni hadi leo, na nadhani huko ndiko kuliko na mafunzo.

Kwa asiyefahamu utaratibu wetu hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamfanya kila mzazi mwenye mtoto shuleni kuwa mwanachama wa Chama cha Wazazi. Kila darasa hutoa mwakilishi wake katika kamati tendaji ya chama hicho, na mwenyekiti pamoja na wanakamati wengine wawili huingizwa katika Bodi ya Usimamizi, ambayo ndiyo huketi na mwalimu mkuu kujadili fedha, majengo na nidhamu. Hakuna mshahara. Hata hivyo nimeona majirani wa miaka kumi wakikwepa kusalimiana kwa ajili ya nafasi hiyo, na mimi ni mmoja wao.

Niliamua kuwania baada ya kuambiwa niketi. Wazazi tulikuwa tumeitishwa mchango mwingine, safari hii wa rimu za karatasi za mitihani, nami nikasimama mkutanoni kuuliza jinsi fedha za serikali zilivyotumika muhula uliotangulia. Serikali imeweka mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, na kwa kuwa tangu 2023 sekondari msingi zimo ndani ya nyua zilezile za shule za msingi, mzazi ana haki ya kujua ni fungu lipi lililonunua nini. Aliyekuwa akiongoza mkutano alinijibu, "Mama, keti, wenzako wana haraka." Wenzangu wakacheka, nikaketi. Usiku huo nilisoma sheria nzima kwenye simu, nikafika mahali inapokataza shule ya umma kutoza karo ya masomo na inaposema kwamba mtoto asizuiliwe kuhudhuria shule kwa sababu malipo mengine hayajatolewa, na kabla ya kulala nilikuwa nimejiona tayari kwenye bodi.

Kampeni yangu ya kwanza niliifanyia katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa letu. Lilikuwa na watu 61. Kila jioni niliandika jambo kuhusu haki za wazazi, na kila jioni majibu yalimiminika: "Tuko nyuma yako, mama." Niliyahesabu majibu hayo kama mfanyabiashara anavyohesabu mauzo ya siku. Nikaandika hotuba ya kurasa tatu, nikashona nguo, nikanunua viatu vya kisigino kirefu ambavyo kusema kweli sikuwa na uwezo wa kuvinunua.

Mkutano uliitishwa Ijumaa saa nne asubuhi. Nilipofika nilikuta wazazi 27, wengi wao akina nyanya waliokuja na leso begani na akina mama waliokuwa wamewaachia wenzao meza za nyanya na sukuma sokoni. Wale wa kundi la simu, walimu, makarani na madereva, walikuwa kazini. Nilisoma kurasa zangu tatu juani. Mpinzani wangu, mzee mmoja aliyezoea kuja kurekebisha madawati bila kuitwa, alisimama, akawasalimu nyanya wawili kwa majina ya wajukuu wao, akasema kwamba tangi la maji litapata mfereji kabla ya mvua, akaketi.

Kisha tukaambiwa tupige mlolongo. Wakubwa wetu wanaukumbuka mlolongo wa uchaguzi wa 1988, ambapo mtu alipanga foleni nyuma ya mgombea wake mbele ya macho ya kila mtu, na yasemwayo kuhusu mistari mifupi iliyotangazwa kuishinda mirefu hayahitaji kurudiwa hapa. Wetu ulihesabiwa kwa haki, na hilo ndilo lililoniuma. Mgombea husimama mbele akiwa amewapa kisogo wanaomchagua, kwa hiyo nilizisikia nyayo tu kwenye changarawe, nikadhani ni nyingi. Nilipogeuka, nyuma yangu walikuwa watu 11. Katika mstari wa pili, akiwa wa tatu kutoka mbele, alikuwa jirani yangu ambaye jioni iliyotangulia alikuwa ameketi kwenye kiti changu akinywa chai yangu na kuniahidi kura. Alitazama chini. Baadaye aliniambia, "Mama mwenzangu, usinione vibaya, yule mzee ndiye aliyembeba mwanangu hadi zahanati alipovunjika mkono." Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, na kwa miezi mitano niliamkia njia ya nyuma ili nisipite mlangoni pake.

Mengine ya mwaka uliofuata hayana utamu wa kusimulia, kwa kuwa ni kazi ya kujirudia: kwenda shuleni wakati hakuna mkutano. Nilijitolea kuhesabu vitabu vya kiada mwishoni mwa muhula, nikasaidia kupanga foleni za dawa za minyoo, nikajua ni watoto gani wanaoishi na nyanya zao na kwa sababu gani. Nyanya hao hawana simu za kisasa, na ujumbe wangu wote wa haki za wazazi haukuwahi kuwafikia. Nilipowatembelea, hakuna aliyeniuliza kuhusu sheria. Mmoja aliniuliza kwa nini mjukuu wake hurudi na chupa tupu ilhali tangi lipo. Nilikwenda kulitazama: mfereji ulikuwa umewekwa kweli, ila juu kiasi kwamba mtoto wa Gredi ya 1 hawezi kuufikia, na wakubwa walikuwa wakiwauzia wadogo maji kwa penseli. Bei ilikuwa penseli moja kwa chupa.

Januari mwaka huu niliwania tena. Hotuba yangu ilikuwa ya mfereji na penseli, basi. Nilipogeuka walikuwa 23, dhidi ya 9. Sitajifanya mnyenyekevu: nilijawa na furaha isiyo ya mtu mzima, na jambo la kwanza nililofanya ni kumtafuta jirani yangu kwa macho. Alikuwa kwenye mstari wangu. Nilitamani asingekuwepo, ili ushindi uwe wangu bila yeye.

Sasa niruhusu nikuseme kidogo, dada yangu uliyeniandikia, maana barua yako ina aya nne kuhusu maono yako na hakuna hata mstari mmoja kuhusu darasa la mtoto wako. Wazazi wa shule za umma wamechoshwa na watu wanaoitumia bodi kama ngazi ya kufikia udiwani, na wanawatambua kwa haraka kuliko tunavyofikiri. Walinitambua mimi. Ukichaguliwa, kisha ukaingizwa katika bodi, utaketi kando ya wawakilishi watatu wa mfadhili wa shule, utaletewa makadirio ya matumizi yenye kurasa nyingi, na kama hujawahi kukihesabu kitabu hata kimoja katika stoo ile, utatikisa kichwa kukubali kila kitu. Nimewaona wanaotikisa kichwa. Katika kikao changu cha kwanza nilikitikisa na mimi mara mbili kabla ya kukumbuka ni kwa nini nilikuwa pale.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hotuba, muulize mwalimu wa darasa mkutano umepangwa siku gani na saa ngapi. Akikwambia ni Ijumaa saa nne, anza kesho kuwatembelea wale wanaoweza kufika Ijumaa saa nne. Na vaa viatu visivyo na kisigino, kwa sababu mlolongo husimama kwenye changarawe na hesabu hurudiwa.