Nyumba ya mbao Red Cliffs: angalia chini ya sakafu kwanza

Ndugu, umeuliza kama uichukue ile nyumba ya mbao ya Red Cliffs, jimbo la Victoria, Australia, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko Melbourne na picha zake zinapendeza. Mimi na familia yangu tuko hapa mwaka wa saba sasa, kwenye nyumba ya aina hiyohiyo: kuta za mbao, bati juu, baraza mbele. Nikueleze yaliyotukuta.

Picha hazionyeshi nguzo. Nyumba nyingi za zamani huku hazikai juu ya msingi wa zege, zinakaa juu ya vigogo vifupi vilivyochimbiwa ardhini. Siku tuliyokuja kuiangalia, dalali alisifia jiko jipya na rangi. Mwanangu akaweka gololi mlangoni, ikabiringika yenyewe mpaka chini ya friji. Tukacheka, hatukuuliza kitu. Miezi minne baadaye milango ya vyumba viwili ikagoma kufunga. Fundi akatambaa chini ya sakafu na tochi, akatoka na kipande cha kigogo, akakipukutisha kwa vidole kama mkate mkavu. Bomba la bafuni lilikuwa likivuja kimyakimya kwa miaka, mbao zikaoza, mchwa wakamalizia. Kubadilisha nguzo kulimeza akiba yote tuliyoweka kwa safari ya Kigoma kumwona mama. Iliniuma sana.

Kwa hiyo tafuta mkaguzi wako mwenyewe wa jengo na mchwa, usitegemee ripoti ya muuzaji, na sharti la ukaguzi liandikwe ndani ya mkataba. Kwa Victoria, ukinunua bila mnada unaweza kujitoa ndani ya siku 3 za kazi tangu usaini. Utakatwa dola 100 au asilimia 0.2 ya bei, kile kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili. Mnadani hakuna kujitoa. Na ukuta wa bafu usiutoboe kabla haujapimwa asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi ya kujengea ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Imepigwa marufuku nchi nzima tangu mwisho wa 2003, lakini nyumba za zamani bado zinayo.

Mazingira yenyewe nayapenda. Mji ulianzishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari waliorudi wakagawiwa mashamba ya zabibu. Big Lizzie, lile dude la trekta lililong'oa miti miaka ya 1920, bado limesimama katikati ya mji. Zabibu za kukaushwa wengine huzianika kwenye vichanja virefu vya waya. Mara ya kwanza kuviona nilikumbuka vichanja vya dagaa kule ziwani, nikasimamisha gari.

Gari ni lazima. Hospitali na maduka makubwa yako Mildura, kilomita 15 hivi, na treni ya abiria kutoka Melbourne ilikoma 1993. Januari joto linapita nyuzi 40. Uliza kipozaji cha paani ni cha aina gani: kile kinachopitisha hewa kwenye pedi zilizolowa maji kinafaa sana joto hili kavu, ila dirisha liachwe wazi kidogo, na siku ya vumbi jekundu hilo dirisha ni mtihani.

Ukija kuiangalia, njoo saa nane mchana, ukae sebuleni nusu saa. Nijulishe siku, tochi ninayo, nitaingia chini ya sakafu pamoja nawe.