Kuchagua kazi za potifolio kwa maombi ya kozi ya usanifu wa michoro

Umeuliza kama kazi zako 25 zote ziingie kwenye potifolio, yaani mkusanyo wa kazi unaowasilisha pamoja na maombi, na kama kukosa masomo rasmi ya uchoraji kutakupunguzia nafasi katika kozi yenye ushindani mkali. Zote zisiingie. Rhode Island School of Design, chuo cha sanaa na usanifu cha Marekani, kwa mfano, huomba kazi 12 hadi 20, nami ningekushauri ukaribie 12 kuliko kujaza idadi kwa kazi dhaifu. Kati ya kazi ulizonieleza, lile bango la kuhimiza watu kuhifadhi maji ndilo litangulie: weka toleo la mwisho, kisha ukurasa wenye michoro ya awali ya penseli na aina za herufi ulizozijaribu ukaziacha, pamoja na sentensi mbili za kueleza sababu, maana wanaochagua hutaka kuona namna unavyofikiri, si ustadi wa kompyuta peke yake. Wahusika wa katuni uliowanakili waondoe, hata kama marafiki wanawasifu. Kuhusu uchoraji, chora vitu halisi vilivyo mbele yako, kama mkono wako mwenyewe au kiti kilichopinduliwa, kwa kuwa hapo ndipo uwezo wa kutazama unapoonekana, uwe na cheti au usiwe nacho. Picha za kazi zipige kwenye mwanga wa mchana, mbali na jua kali.